Kompyuta kuukuu yatiwa meno mapya mjini Garissa

Dada yangu hakunituma Garissa kwenda kuandika makala. Alinituma nikamwulize mwanawe alichofanya na pesa za kodi ya chumba.

Habari zilizomfikia Mombasa zilisema kwamba kijana huyo, aliyekwenda kule kusoma chuoni, badala ya kumlipa mwenye nyumba amenunua "kipande cha kompyuta" apate kuchezea gemu. Na kwetu Pwani, ndugu msomaji, kazi ya mjomba inajulikana. Mama akiona maji yamemfika shingoni, mjomba hutiwa basini.

Basi nikaondoka Mombasa baada ya sala ya Alfajiri. Tukapita Kilifi, Malindi, Garsen na Hola, mto Tana ukiwa mkono wetu wa kulia ingawa kwa sehemu kubwa hatukuuona. Njia hiyo ndiyo iliyokatwa na mafuriko mwishoni mwa 2023, na tena Aprili 2024, watu wakawa wanavushwa kwa mashua mahali walipozoea kupita kwa basi. Safari hii kulikuwa kukavu. Jua la Alasiri lilitupokea Madogo, tukavuka daraja, tukaingia Garissa tumeiva kama mikate ya tanuri.

Kijana alinipokea kwa adabu zote. "Shikamoo mjomba," huku akiuchukua mkoba wangu. Alijua fika nimekuja kwa jambo gani. Hakuna aliyelitaja mpaka tulipokwisha kunywa chai ya maziwa ya ngamia, kinywaji ambacho ulimi wa mtu wa Mombasa hukistaajabia kwanza, kisha hukiomba tena.

Chumba chake kiko mtaa wa Iftin. Neno hilo kwa Kisomali maana yake ni nuru. Mji huo huo una soko liitwalo Suq Mugdi, yaani soko la giza. Niliposikia hayo nilicheka. Baada ya siku tatu za stima kuja na kuondoka niliona kwamba majina hayo mawili yanaueleza mji vizuri kuliko ramani.

SANDUKU LA KARANI

Juu ya meza palikuwa na sanduku jeusi la Dell OptiPlex 7010, lile la umbo jembamba. Mashine hii ilitengenezwa kwa ajili ya karani, si kwa ajili ya mchezaji. Aina hii ilitoka kiwandani mwaka 2012, ikakaa mezani kwa watu wa Ulaya, Marekani na Ghuba ikiandika barua na kujumlisha hesabu, kisha makampuni yakanunua mpya, na hizi zikatiwa kontenani kwa mamia. Sisi wa Mombasa tunazijua. Zapita bandarini kwetu kama yalivyopita mafriji, baiskeli na magari ya Dubai.

Wala wimbi lake halijaisha. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia programu yake ya Windows 10. Windows 11 iliyofuata haizikubali rasmi mashine nyingi zenye prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha nane, kilichoanza kutoka 2017. Kwa hiyo kompyuta nyingi nzima, zenye afya yake, zinatolewa maofisini kwa sababu zimekataliwa tu. Mtu wa huku kwetu aliyezoea kuendesha Peugeot ya 1978 akisikia hayo hushangaa kidogo, kisha huuliza bei.

Ndani ya sanduku la mpwa wangu mlikuwa na prosesa ya Intel Core i5-3470, memori ya gigabaiti 4, na diski ya kizamani ya kuzunguka. Kadi ya picha haikuwamo. Prosesa yenyewe ndiyo iliyokuwa ikichora kila kitu kilichoonekana kiooni. Kwa barua za chuo ilitosha. Kwa gemu ya mpira, wachezaji walikimbia kama watu walio ndani ya maji ya kifuani.

Nilimwuliza kwa nini. Sikuuliza kwa nia njema. Nilikuwa nikitafuta mahali pa kuanzia kugomba. Lakini alinijibu vizuri hata nikasahau kugomba.

Kioo cha kawaida, alisema, kina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu. Ukizidisha unapata nukta 2,073,600. Gemu ikitaka kwenda laini, picha nzima huchorwa upya mara 60 kila sekunde. Hizo ni nukta zaidi ya milioni 124 za kupigwa rangi katika muda wa mtu kusema "bismillahi". Prosesa hii ni kama fundi mkuu wa kuchonga milango ya Lamu: ana akili nyingi lakini ana mikono minne tu. Mwache apange mlango utakuwaje, atapanga. Mtwike na kila ua dogo la nakshi, atakesha. Kadi ya picha ni karakana ya wanagenzi, kila mmoja akigonga patasi yake mahali pamoja padogo, wote kwa wakati mmoja. Kadi aliyoitamani, Nvidia GeForce GTX 1050 Ti iliyotoka 2016, ina wanagenzi 768.

"Na hao wanagenzi," nikamwuliza, "ndio waliokula kodi ya nyumba?"

Akainamisha kichwa. "Ndio, mjomba. Na hawakuwa 768."

VUMBI

Hadithi hiyo inakuja. Kwanza nitaje fundi, maana bila yeye makala haya yasingekuwapo.

Ni kijana wa Kisomali mwenye kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Aliniita "adeer", yaani ami, tangu dakika ya kwanza, na kila nilipouliza swali la kijinga alilijibu kama kwamba ni la maana. Kwake nilijifunza kwamba katika mji kama huu anayetaka kuipa nguvu kompyuta ya zamani huanza na brashi ya rangi. Duka la vipuri huja baadaye.

Alilifungua sanduku mbele yangu. Sisi Pwani adui yetu ni chumvi. Hula vyuma kimya kimya. Garissa adui ni vumbi, laini kama unga wa hina, na lilikuwa limejibana katikati ya mapezi ya kipozeo mpaka likawa kama kipande cha zulia. Hewa ilikuwa haipiti kabisa. Fundi alilitoa kwa brashi na pampu ya kupuliza, huku kidole kimoja kikiishika feni isizunguke, maana feni ikizungushwa kwa nguvu huharibika, na huweza kurudisha umeme kwenye madabodi. Kisha akaondoa kipozeo na kunionyesha pesti, ile dawa ipakwayo kati ya prosesa na chuma ili joto lipite. Ilikuwa imekauka, imepasuka kama tope la Tana baada ya kiangazi. Akaifuta kwa spiriti, akaweka mpya kiasi cha punje ya mbaazi.

Kabla ya hapo, mashine ikicheza, joto la prosesa lilikuwa linapita nyuzi 90. Prosesa za aina hii zikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi zenyewe zisiungue. Hii ndiyo siri ya wengi wanaodhani mashine yao ni dhaifu, kumbe inajiokoa. Baada ya kusafishwa, gemu ile ile ilibaki sabini na kitu. Gharama ilikuwa pesti, spiriti na soda moja ya fundi.

Lakini feni, msomaji, haitengenezi baridi. Kazi yake ni kupeleka hewa iliyomo chumbani, na chumba cha bati cha Garissa saa nane mchana, siku ambayo nje ni nyuzi 35 na zaidi, hakina hewa ya kumsaidia mtu wala mashine. Vijana wa kule hucheza baada ya Isha, na wazazi wengi hudhani ni kwa ajili ya utundu. Utundu upo, sikatai. Hata hivyo joto nalo lina neno lake.

Likafuata suala la memori. Fundi alitoa kibao kimoja cha gigabaiti 4 akatia viwili vya gigabaiti 8. Alisisitiza viwe viwili vinavyolingana, kwani prosesa hii huchota kwa njia mbili kwa pamoja, na ukimpa kibao kimoja unamfungia mlango mmoja. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya memori imepanda mno duniani, viwanda vikiwa vimeelekeza nguvu kwenye mashine za akili bandia. Vibao vya DDR3 vinavyoingia katika sanduku hili ni vya zamani, na fundi huvichomoa katika mashine zilizokufa madabodi. Mauti ya moja ni riziki ya nyingine.

Diski ya kuzunguka nayo ikatolewa, ikatiwa ile ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka. Ya zamani husoma megabaiti mia na kitu kwa sekunde ikiwa na bahati; hii mpya, kwa waya ule ule, hufika mia tano. Haiongezi uzuri wa picha hata kidogo. Lakini kompyuta iliyokuwa ikiwaka kwa muda wa kuchemsha chai sasa huwaka kabla hujapata kukaa vizuri kitini.

Hayo yote mpwa wangu aliyafanya kwa akiba yake mwenyewe. Angaliishia hapo mimi nisingalionja maziwa ya ngamia.

WANAGENZI WA UONGO

Kadi ya picha ina masharti, na hapa ndipo wengi hupotelea. Sanduku jembamba la OptiPlex hii lina mtambo wa umeme wa wati 240 tu, wenye umbo lake wenyewe, hata huwezi kuubadilisha kwa wa dukani. Prosesa yaweza kula wati 77. Tundu linalopokea kadi limeruhusiwa kutoa wati 75 basi, na hakuna waya wa ziada wa kuilisha kadi kubwa. Tena nafasi ni finyu, kadi lazima iwe ya nusu kimo. Ukiyaweka masharti hayo pamoja, hubaki kadi chache sana, na 1050 Ti, ambayo hula wati 75, ndiyo iliyopendwa na watu wa masanduku kama haya dunia nzima. Ya wati 30, iitwayo GT 1030, yaingia kwa raha, ila nguvu yake ni ndogo.

Kwa kuwa yapendwa, yaghushiwa. Watu huchukua kadi za zamani zenye chipu za mwaka 2010 au 2011, zisizo na thamani, wakaibadilisha programu ndogo iliyomo ndani yake ili kompyuta ikiuliza "wewe nani?", kadi ijibu "mimi ni 1050 Ti". Kompyuta huamini. Huandika jina hilo kiooni, na mwenye kununua hufurahi mpaka siku ya kuanza gemu. Hila hii ilienea sana hata watengenezaji wa GPU-Z, programu ndogo ya bure ya kuchunguza kadi, wakaiongezea mwaka 2018 uwezo wa kuzitambua na kuandika wazi kwamba ni bandia.

Mpwa wangu aliiona kadi simuni kwa muuzaji fulani. Bei yake ilikuwa nzuri, na hapo ndipo angalistuka. Fundi alimwambia angoje. Hakungoja, kwa sababu muuzaji alisema wapo wengine watatu wanaoitaka. Alituma pesa, zile za kodi, thamani ya mbuzi wawili wa sokoni Garissa kwa hesabu ya fundi, maana kule mbuzi bado ni kipimo ambacho kila mtu anakielewa. Kadi ikaja kwa basi, imefungwa vizuri, ina stika ing'aayo. Jina likaonekana kiooni. Gemu ilipoanza, kioo kikawa cheusi, mashine ikaganda.

Fundi aliendesha ile programu ya kuchunguza. Neno la kwanza kutokea lilikuwa neno bandia. Kumpigia muuzaji, simu haipatikani. Mpaka leo haipatikani.

Nilikaa kimya kidogo. Nilikuwa nimejiandalia maneno makali tangu Garsen, lakini mtoto aliyekwisha kupigwa na dunia humwongezi. Tena nikamkumbuka marehemu baba yangu aliponifuata senema ya Regal, Mombasa, akanitoa kwa sikio katikati ya picha, na pesa za kiingilio zikiwa ni za mafuta ya taa. Sikumsimulia mpwa wangu hayo. Kuna mambo mjomba hubaki nayo.

STIMA NA JUA

Siku ya pili stima ilikatika Adhuhuri ikarudi karibu na Magharibi. Niliwauliza wazee waliokuwa chini ya mti wakicheza shax, mchezo wa Kisomali wa kete za mawe ulio na hesabu nyingi kama bao letu. Wakanieleza kwamba vijana wa siku hizi wanalalamika bure. Garissa ilitegemea jenereta za dizeli miaka mingi, mpaka katikati ya miaka ya 2010 ulipofika waya wa gridi ya taifa kutoka Kindaruma kupitia Mwingi. Desemba 2019 kikafunguliwa kituo cha umeme wa jua nje ya mji, chenye uwezo wa megawati zipatazo 50, vioo vikiwa vimetandazwa kwenye shamba la hekta 85. Umeme huo huingia kwenye gridi na kugawanywa na nchi nzima. Wajir na Mandera, huko mbele zaidi, gridi haijawafikia. Miji hiyo imeendeshwa kwa mitambo ya dizeli.

Nikaona ajabu kwamba jua lile lile linaloitesa prosesa ndani ya chumba cha bati ndilo linalozalisha stima ya kuiendesha. Mzee mmoja akaniambia kwamba hata ngamia hubeba maji yake na huyahitaji.

Kwa mashine, kukatika si taabu kubwa kama kurudi. Stima hurudi kwa kishindo, imepanda kuliko kiasi, na mtambo wa wati 240 usiopatikana dukani huungua mara moja. Fundi humwambia kila mteja anunue yupiesi kabla ya kununua kadi. Wengi hununua kadi kwanza. Akatuonyesha kona ya kibanda chake penye rundo la mitambo iliyoungua, akaiita makaburi.

Jambo la kushusha gemu nalo si dogo. Kebo ya TEAMS ilifika Mombasa 2009 kutoka Fujairah, kupitia chini ya bahari yetu, na nyaya za mwanga zimefika Garissa siku nyingi. Lakini gemu moja ya leo yaweza kuwa gigabaiti 40, nyingine 100, na bando la mwanafunzi ni la kuhesabu kwa vidole. Kwa hiyo gemu husafiri kwa basi, ndani ya diski ya mfukoni. Nyingi ni za kunakiliwa bila idhini. Nilipomwambia mpwa wangu kwamba mali ya mtu ni mali ya mtu hata ikiwa haishikiki, alikubali, akanionyesha kwamba ile yake ya Grand Theft Auto V aliipata kwa halali, siku kampuni ya Epic Games ilipoigawa bure Mei 2020, akiwa bado Mombasa. Gemu yenyewe ni ya wizi wa magari na kupiga risasi. Nikamwambia uhalali wa risiti hautakasi kila kitu kilichomo ndani.

KADI YA KWELI

Fundi hakuuacha mkono wa mpwa wangu. Ana jamaa Eastleigh, Nairobi, anayeuza vipuri vilivyotumika. Kadi ya 1050 Ti ya kweli, ya nusu kimo, ikafika jioni ya siku ya pili. Sharti lilikuwa moja: kijana atailipa kwa kazi, saa mbili kila jioni kibandani, akisafisha mashine za watu na kuzitia programu, mpaka deni liishe. Alipoichunguza kwa GPU-Z, wanagenzi walikuwa 768 kamili. Mpwa wangu alisoma namba hiyo kwa sauti mara mbili.

Gemu waliyoitia kwanza ni eFootball PES 2021, iliyotoka Septemba 2020. Watengenezaji wake waliandika kwamba prosesa ya chini kabisa inayofaa ni i5-3470, ile ile iliyomo sandukuni, na kadi ya GTX 670. Kadi hiyo ya 670 ilikuwa ya mwaka 2012, ikila wati 170. Miaka minne baadaye 1050 Ti ikaja kuifanya kazi ya jirani na hiyo kwa wati 75. Kwangu mimi hilo ndilo la kustaajabisha kuliko mabao yote niliyoyaona usiku ule. Na mabao yalionekana: jezi zilipepea, nyasi zilikuwa nyasi, na vijana saba waliokuwa chumbani walipiga kelele hata jirani akagonga ukuta.

Kisha mmoja akaleta gemu mpya kabisa katika diski yake. Haikuanza. Haikuganda wala haikusitasita, ilikataa tu, kwa maneno mawili matatu kiooni. Fundi alieleza kwamba baadhi ya gemu mpya zinataka prosesa inayojua aina fulani ya amri za hesabu, ziitwazo AVX2, ambazo Intel ilizitia katika prosesa zake kuanzia 2013. Hii ya 2012 imekosa kwa mwaka mmoja. Hapo memori haisaidii, kadi haisaidii. Ni kama mtu asiyeijua lugha. Hata ukimpa kipaza sauti.

Tena yapo mengine. Ile Windows 10 haipati tena marekebisho ya kawaida ya kuziba nyufa. Nvidia nayo Oktoba 2025 iliacha kuziandalia kadi za ukoo huu draiva mpya za gemu, ikabakisha za usalama tu hadi Oktoba 2028. Fundi anawashauri wengine watie Linux, ambayo ni ya bure na haibagui umri wa mashine, ila gemu kadhaa za kushindana mtandaoni huikataa. Tiba imepatikana, na tayari nayo imeanza kuzeeka.

Liko jambo lililonikera, nami nitalisema. Kijana mmoja alieleza kwamba katika vyumba vya gemu mjini, kama ilivyo kwetu Mombasa, anayefungwa ndiye anayelipia mchezo wa wote wawili. Wao waliona ni desturi ya kawaida. Mimi niliona inakaribia kamari kiasi cha kuisikia harufu yake. Mpwa wangu alisema chumbani kwake halipi mtu. Wenye elimu ya fikihi wapo, nawaachia hao. Mimi nilisema niliyoyaona na nikanyamaza.

Usiku wa mwisho tulipobaki wawili, mpwa wangu alinisimulia habari za Lual Mayen. Huyu ni mtu wa Sudan Kusini, aliyezaliwa njiani wazazi wake wakikimbia vita, akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba miaka 3 mpaka akapata dola 300 za kumnunulia kompyuta ya mkononi. Alikuwa akitembea muda wa saa 3 kwenda mahali penye umeme wa kuichaji. Gemu aliyotiliwa humo ndiyo iliyomfungua macho. Akajifunza mwenyewe kutengeneza, akatunga yake iitwayo Salaam, inayomweka mchezaji mahali pa mkimbizi, na mwaka 2018 akatunukiwa Marekani katika tuzo za michezo hiyo. Mpwa wangu alisema kila akipita njia ya Dadaab, penye kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera ambazo zimekuwapo tangu 1991 na 1992, hujiuliza ni wangapi kama huyo wamo mle ndani.

Habari hiyo ilinigusa. Lakini mimi nimetumwa. "Mama yake Lual," nikamwambia, "alinunua kompyuta kwa akiba yake. Wewe umenunua kadi ya uongo kwa kodi ya mwenye nyumba."

"Kweli, mjomba."

Asubuhi tulikwenda pamoja kwa mwenye nyumba, mama wa makamo ambaye vijana wote wa plotini humwita hooyo. Alitukaribisha, akasikiliza yote bila kukatiza. Nilimpa nusu niliyokuwa nayo mfukoni. Nusu iliyobaki alikubali kuingoja hadi mwisho wa mwezi wa pili, ila alitaka kujua kama hiyo mashine yaweza kuandika orodha ya wapangaji na tarehe za malipo, maana daftari lake limeliwa na mchwa. Mpwa wangu akasema yaweza. Akaambiwa aje nayo, au yeye aende nalo daftari, vyovyote, lakini kabla ya Ijumaa.

Nilimpigia dada yangu simu nikiwa kituoni, basi likiwa linapakia. Aliuliza swali moja tu: kodi imelipwa au haijalipwa? Nikamwambia imelipwa nusu. Akauliza nusu nyingine yuko nayo nani.

Honi ilipigwa, nikamwambia nitamweleza nikifika.